Springi ya buku ilivyonikeshesha: nilivyoibadilisha mwenyewe kwenye cherehani ya mama

Mwezi wa saba Dodoma mnaujua, asubuhi baridi, kutwa upepo na vumbi, na mimi hapo Chang'ombe nina sketi 11 za shule hazijaisha na Jumatatu shule zinafunguliwa. Ijumaa jioni cherehani ikaanza vituko. Mshono juu safi kabisa, ukigeuza kitambaa chini ni vitanzi vitupu kama taulo.

Cherehani yenyewe ni ile nyeusi ya kukanyaga, aliniachia mama, umbo ni lile la Singer 15 ambalo China wamelitoa kopi miaka na miaka, kwa hiyo vipuri havisumbui. Nikaona vitanzi viko chini basi nikajua bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ndo mbaya. Nikakaza kile kiskrubu cha kikasha cha bobini, nikakaza tena, mpaka uzi ukaanza kukatika. Kumbe vitanzi vikiwa chini mara nyingi mwenye kosa ni uzi wa juu, haujabanwa, kwa hiyo wa chini unauvuta wote. Ikabidi nirudishe kwa kipimo cha mama: shika uzi, kikasha kining'inie, ukitingisha kinashuka kidogo halafu kinasimama. Kikiporomoka chenyewe kimelegea, kikigoma kimekazwa mno.

Ndo nikaangalia juu kwenye tensheni, pale uzi wa juu unapobanwa. Pale kuna kispringi cha waya mwembamba kama ndoano, ule mkono unaopanda na kushuka na uzi ukishuka, chenyewe kinashika ulegevu wote wa uzi mpaka sindano iingie kwenye kitambaa. Changu ncha imekatika, kimebaki kisiki.

Jumamosi asubuhi nikaenda Sabasaba kwa mzee mmoja anatengeneza vyerehani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Iache hapo, njoo Jumatano."

"Jumatano tena baba? Watoto Jumatatu wanaingia darasani."

Akaangalia ile foleni ya vyerehani nyuma yake, akasema, "Basi kanunue springi ujaribu mwenyewe. Ila pini usiipoteze." Nikaitikia ndio baba, pini gani hata sikuuliza.

Majengo springi nikaipata kwa buku. Ya kwanza aliyonipa duara lake lilikuwa pana, ya cherehani za kiwandani, bahati kile kisiki nilikuwa nimekiweka kwenye kiberiti tukalinganisha. Usiende dukani mikono mitupu, utarudi mara mbili.

Nyumbani nikatandika kanga mezani nikaanza kufungua, kila kinachotoka nakipiga picha na simu. Inatoka nati, inafuata springi nene yenye umbo la koni, kisahani chenye kijiti katikati, visahani viwili vinavyobana uzi, halafu ndo kile kiwaya. Mkia wa kiwaya unakaa kwenye mfereji wa ule msumari wa katikati unaobeba vyote hivyo, usipokaa humo kitazunguka tu. Nikalegeza skrubu ya pembeni nikachomoa msumari wote nikaubetua niuone vizuri, nikasikia ti! chini. Nikadhani ni sindano.

Nikafunga, nikajaribu kwenye kipande cha kitambaa, mshono mzuri juu na chini, nikapiga kigelegele peke yangu. Sasa nainua mguu wa cherehani nitoe kitambaa, uzi umekaza kama waya wa gitaa, sindano inapinda, pa! umekatika. Mara ya pili hivyo hivyo. Mguu ukiinuliwa visahani vinatakiwa vifunguke viachie uzi, na kinachovisukuma ni kipini kimoja kinapita ndani ya ule msumari. Hapo maneno ya mzee yakanirudia yote.

Sakafu yangu ni vipande vya nyuzi, vitambaa na vumbi la Dodoma, saa tatu usiku, utakiona wapi kitu kidogo kuliko njiti ya kiberiti? Nikang'oa sumaku ya spika ya redio mbovu, nikaifunga kwenye mfuko wa nailoni ili vitu visigande moja kwa moja, nikatambaa chini ya meza. Nikatoka na sindano mbili zilizovunjika, pini za kubania kitambaa sijui ngapi, na yenyewe ile pini.

Nikafungua upya. Haraka zikanifanya nigeuze kisahani kimoja, uzi ukawa unachomoka, ile migongo iliyotuna ndo inatakiwa iangaliane. Kilichonila muda zaidi ni nguvu ya kile kiwaya, unazungusha msumari kidogo na bisibisi, unashona, unaangalia, unazungusha tena. Hapo hakuna namba, ni macho na sikio.

Sketi ya mwisho nimeimaliza saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu.

Jumatano nimepita Sabasaba kusalimia, mzee hata hakuuliza kama inashona.

"Pini ulipoteza?"

"Nilipoteza baba, nikaipata."

"Wanapotezaga wote," akainamia kazi yake.