Sekunde 40 ambazo pepa yangu ilishindwa kuzisema

Haya jamani nimerudi, najua niliahidi kuandika kila wiki na sasa miezi minne imekatika, mnisamehe, nilikuwa nahangaika na pepa, yaani makala yangu ya utafiti ya kuchapisha jaridani. Ile ya tableti. Mliokuwepo toka mwanzo mnakumbuka masters yangu niliifanyia shule moja ya msingi mkoani Tanga, darasa la pili, tableti sita watoto 53, nikakaa pale wiki saba na simu yangu imefungwa kwenye mpini wa fagio kwa vipande vya mpira wa baiskeli, ndo ilikuwa kamera yangu hiyo na msichoke kuniheshimu.

Sasa kuna klipu moja ya sekunde 40. Madawati mawili yameunganishwa yanatazamana, tableti imelala katikati, watoto watano wameizunguka. Watatu wako upande ambao skrini inasomeka vizuri, wawili wako ng'ambo. Programu inatamka sauti, zinatokea herufi nne, mtoto anagusa ile yenye sauti hiyo. Binti mmoja wa ng'ambo, hapa namwita Z, ana kidole chepesi kuliko wote, anapatia kila mara mpaka wenzake wamemwachia agonge peke yake. Kwenye daftari langu nikaandika "Z ameelewa". Wiki ya tano tukawapa karatasi ya kawaida wasome herufi, Z akaiona d akasema p, akaiona u akasema n. Mwalimu akadhani anatania, mi nikaandika "anachanganya herufi" nikaenda zangu kula.

Miezi mitatu baadaye niko Dar, usiku, umeme ndo kwanza umerudi, naangalia klipu zile kwa mara ya mia, ghafla nikaona. Huyu mtoto wiki zote tano amekaa ng'ambo. Amejifunza herufi miguu juu! Hakuna alichochanganya, kwake n ndo ile yenye sura ya u, na p aliyoizoea ina tumbo upande ambao sisi tunaiita d. (Usiniamini, andika d kwenye simu yako uigeuze, ila zima kwanza ile ya kujizungusha yenyewe la sivyo utanitukana bure.)

Kwenye pepa haya yote yaligeuka kuwa sentensi moja, "mpangilio wa ukaaji uliathiri utambuzi wa herufi kwa baadhi ya wanafunzi". Sapavaiza wangu akaweka alama ya kuuliza pembeni, umejuaje? Nikamfuata kwenye korido nikamwonesha klipu kwenye simu, akaiangalia mara nne, akamwita mwenzake wa ofisi ya jirani naye aje aone. Hapo ndo nikasema basi, hii klipu iingie ndani ya pepa yenyewe, msomaji aione palepale ninapoisema.

Hehe. Jarida la kwanza nililotuma, silitaji, linapokea faili la Word, majedwali mwisho, picha ziwe nyeusi na nyeupe, video ikibidi ni kiambatisho na kiambatisho hakuna anayekifungua, tusidanganyane. Mpitiaji mmoja, yaani wale wanaoikagua pepa kabla haijachapishwa, akaniandikia kwamba video si data, niiweke kwenye jedwali. Nikaiweka. Mtoto 1 kati ya 53, asilimia 1.9. Z amekuwa asilimia moja pointi tisa na wala hujui kama alikuwa na vidole.

Kilichoniuma ni kwamba hili sio wazo jipya hata kidogo. Watu wa teknolojia ya elimu walishaliona zamani, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza walianzisha jarida la JIME Septemba 1996, kirefu chake Journal of Interactive Media in Education, mantiki yao ilikuwa kama unaandika kuhusu programu ya kufundishia basi msomaji aiguse hiyo programu, na wapitiaji walikuwa wanabishana na mwandishi waziwazi, mjadala unakaa pembeni ya makala unausoma. 1996! Mwaka huo wengi wetu barua tulikuwa tunaweka stempu. Na wenzetu wa maabara wana jarida la JoVE toka 2006, jinsi ya kufanya jaribio unaoneshwa kwa video kama mapishi, kwa sababu walichoka kusoma njia ya mtu iliyoandikwa vizuri kabisa halafu ukiifuata haitoki. Sisi wa elimu ambao kazi yetu yote ni kumwangalia mtu anajifunza bado tunaandika "kwa baadhi ya wanafunzi".

Ila nikisema hivyo nisiwe mnafiki, kuna sababu PDF imeshinda. Ukiichimba miaka ile utakuta vitu vingi vya kubofya na kuchezea vilitengenezwa kwa Flash, programu ya zamani iliyokuwa inaendesha michezo na katuni ndani ya brauza, na Adobe wenye Flash yao waliizima mwisho wa 2020, brauza zikaitoa. Maandishi yamebaki, ule mchezo uliokuwa ndo ushahidi wenyewe umekuwa boksi la kijivu. PDF ya mwaka uleule inafunguka mpaka kwenye simu ya mchina. Kwa hiyo mtu akikwambia weka kazi yako kwenye jukwaa fulani zuri lina mbwembwe za kuzungusha na kubofya, muulize miaka kumi ijayo itafunguka kwa kutumia nini.

Mfano ulio karibu na nyumbani ni ule wa shindano la Global Learning XPRIZE, ule wa tableti za vijijini hukohuko Tanga, watoto ambao wengi hawajawahi kukanyaga shule wakapewa programu za kujifunza wenyewe kusoma kwa Kiswahili. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 wakagawana Kitkit School na onebillion. Ninachowapendea, programu za wale walioingia fainali ziliachiwa wazi pamoja na msimbo wake (source code), yaani kama unabisha unaipakua unaijaribu na mwanao. Hiyo mi naihesabu ni kuchapisha.

Basi nikaamua naitengeneza mwenyewe. Hapo nikagundua kazi ngumu haikuwa kompyuta, ilikuwa ruhusa. Nilikuwa na kibali cha COSTECH, ile Tume ya Sayansi na Teknolojia inayoruhusu utafiti, barua ya mkoa, barua ya halmashauri, fomu za wazazi zote zimesainiwa, lakini fomu yangu ilisema "apigwe video kwa ajili ya utafiti", haikusema dunia nzima ione. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi nyeti, sio kitu cha kuchezea. Nikapanda basi kurudi Tanga. Mama yake Z anakaanga maandazi, akaniangalia huku anageuza, akasema, "WhatsApp ya walimu sawa, hata hao wazungu wako sawa kama uso hauonekani. Ila nikimwona TikTok, mwalimu, tutaonana." Tukakubaliana hivyo.

Kwa hiyo uso umetoka, nimeikata fremu imebaki mikono na tableti, na kusema kweli imekuwa bora zaidi maana jicho lako linaenda kwenye vidole moja kwa moja. Jina lake wenzake wanalitaja mara mbili, nimeweka mlio hapo. Klipu yenyewe toka kwenye simu ilikuwa mega 86, nikaipitisha HandBrake, programu ya bure ya kupunguza uzito wa video, nikaishusha mpaka mega 3, MP4 ya kawaida tu isiyo na maringo, kwa sababu bando ni la mtu na mwalimu hawezi kuunguza bando la wiki kuangalia madawati. Nikaongeza maandishi ya yote yanayosemwa kwenye klipu, picha nne za skrini, kila herufi ilivyo kwa aliyekaa huku na kwa aliyekaa ng'ambo, ili ambaye video inamgomea aelewe hivyohivyo, na sauti yangu dakika tisa nikieleza kwa Kiswahili bila misamiati ya kutishana. Mzigo mzima haufiki mega 15. Nikaupakia Zenodo, ghala la mtandaoni la kazi za utafiti, ile ya CERN, watu wa fizikia wa Geneva, ipo toka 2013 na ni bure, wanakupa DOI ambayo ni namba ya kudumu, mtu anaweza kuinukuu kazi yako kama pepa nyingine yoyote, na ukirekebisha unaweka toleo la pili, la kwanza linabaki palepale.

Halafu nikatuma kwenye grupu la walimu wa ile shule. Tiki za bluu kumi na mbili, majibu matatu, mawili kati ya hayo ni vile vimikono vya kupiga makofi. La tatu ni voisi ya dakika tatu toka kwa madam wa darasa la pili, mwenye darasa.

Nilivyoikumbuka ilikuwa hivi. Mdogo wangu nimeiona, hongera, imetoka vizuri. Ila hiyo ya kusoma ng'ambo usiisingizie tableti, mimi nimeanza kazi kitabu kimoja watoto watano, na watoto wa ng'ambo walikuwepo toka hapo. Dawa yake tunaijua, kila siku unawazungusha, wa huku leo kesho anakaa kule. Wewe ndo ulikuja ukasema tusiwahamishe watoto, ili kamera yako isiwapoteze.

Nikaisikiliza nimesimama kituoni Ubungo, nikaisikiliza tena. Nikarudi kwenye daftari, siku ya kwanza kabisa, mwandiko wangu mwenyewe: "kila mtoto abaki nafasi yake mpaka mwisho". Wapitiaji watatu, sapavaiza, na mimi, hakuna aliyeuliza kwa nini Z hakuhama.

Nikampigia kumshukuru, nikamwomba ile voisi niiweke na zile faili nyingine, iwe kama riviu, kama walivyokuwa wanafanya JIME, hoja ikae pembeni ya makala kila mtu aisikie. Akakataa katakata. Siku ile alikuwa na mafua, hataki sauti yake ya mafua ikae huko milele, niandike tu inatosha, na jina lake nisilitaje. Toleo la pili lipo hewani toka Jumanne. Klipu ni ileile, mega 3, kilichoongezeka ni aya moja ya maandishi na imekaa juu kabisa, kabla hujabonyeza chochote.