Elfu thelathini na nguzo isiyo na bati

Leo ni siku ya tano. Karatasi bado iko kwenye droo ya vijiko, imekunjwa mara mbili, na kila nikifungua naiona pembe yake. Ni ile karatasi nyembamba ya mashine ambayo wino wake hufifia ukiiacha juani: namba ya gari, tarehe, saa 3:40 asubuhi, kosa la mwendo, shilingi 30,000, na chini kabisa namba ya malipo. Mume wangu ameniuliza mara mbili kwa nini silipi tukalala. Leo nimeona niandike, labda nikimaliza nitakuwa na jibu la kumpa.

Jumamosi nilikuwa natoka Dar kwenda Morogoro kumpelekea mama dawa zake za presha. Huwa naenda kila baada ya wiki mbili, mwaka wa sita sasa. Nilipopita Chalinze msururu wa malori ulikatika, barabara ikafunguka, nami nikapumua. Hakuna dereva hata mmoja wa upande wa pili aliyeniwashia taa. Kilomita kadhaa mbele, mwisho wa kijiji kimoja, trafiki akanyanyua mkono.

"Habari za safari, mama."

"Salama, afande."

"Hapa ni hamsini, mama. Wewe umekuja na sabini na moja."

Akanionyesha simu. Mwenzake mwenye tochi, ile mashine ya kupimia mwendo, alikuwa amekaa nyuma huko chini ya mwembe, ndiye aliyemtumia picha. Uso wa gari langu, namba inasomeka vizuri, 71, na pembeni umbali: mita 284. Nyuma ya gari magunia ya mkaa matatu yamepangwa kando ya barabara. Nikamwomba niipige picha ile picha, akaniruhusu. Nikamuuliza kibao kiko wapi, maana nilikuwa na hakika sikukiona. Akasema kipo kule nyuma nilikotoka. Hakuniomba kitu, wala mimi sikumpa kitu. Aliandika, mashine ikatoa karatasi, akaniambia niende salama. Nasema haya kwa sababu hadithi nyingi za trafiki zina harufu ya hongo. Yangu haina, na labda ndiyo maana imekuwa ngumu kuiweka chini.

Kama angenionea, ningekuwa na pa kuegemea.

Jioni ile, tumekaa uani, nilimsimulia baba. Baba aliendesha malori ya Dar hadi Tunduma miaka ishirini na sita. Anaijua barabara ile kona kwa kona, na bado anazikumbuka sehemu kwa ajali zilizotokea hapo. Nilimweleza kwa ukali kidogo, kwamba kibao hakuna, kwamba watu wanategwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, ulikuwa unajua pale ni hamsini?"

"Hapakuwa na kibao, baba."

"Sijakuuliza kibao."

Akainuka kwenda kutia udhu.

Kesho yake, Jumapili, wakati wa kurudi Dar, niliegesha gari pale kwenye magunia ya mkaa. Nilitaka ushahidi. Kwa wanaotoka Morogoro kibao kipo, duara jekundu na 50 yake, kinaonekana tangu mbali. Kwa wanaotoka Chalinze, upande wangu, kuna nguzo. Nguzo tupu. Bati limeondoka, zimebaki tundu mbili za skrubu na kutu iliyoteremka kama machozi. Nikaipiga picha pande zote nne, nikapiga na ya mbali, gari zikipita.

Mama anayeuza mkaa alikuwa ananitazama. Nikamsogelea, nikamsalimu, nikamuuliza lile bati limekwenda wapi. Akasema lori liliikwaruza nguzo usiku, bati likalala chini siku mbili, kisha halikuonekana tena. Akaniambia pia kitu ambacho sikuwa nimekifuata. Jumamosi ile ile, saa moja hivi baada yangu, walisimamisha kirikuu kilichobeba magodoro. Kijana aliyekuwa anakiendesha ni wa Tabora, alikuwa anarudi kwao, na ndiyo mara yake ya kwanza kushika njia ile. Alikuja kukaa juu ya gunia la mkaa muda mrefu, akipiga simu huku na huku, kwa sababu hela iliyokuwa mfukoni ilikuwa ya mafuta ya kurudia na sasa anadaiwa. "Alikuwa anasema mama, ningejua ningepunguza," akaniambia. "Nikamwambia najua, baba, kunywa maji."

Nikapima kwa hatua. Kutoka mwembe wa tochi hadi magunia ni kama mita mia mbili na themanini, inakubaliana na ile 284 ya kwenye picha. Kutoka magunia hadi nguzo tupu ni hatua sitini nyingine kuelekea Chalinze. Maana yake tochi iliponishika nilikuwa nimeshaipita nguzo na niko ndani ya hamsini. Nyumba zilikuwa zimeshaanza, pande zote mbili.

Jumatatu niliongea na jirani yetu ambaye ni wakili. Alinieleza kwa utulivu, bila kunishawishi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo inayoweka hiyo hamsini kwenye maeneo ya makazi, na magari makubwa yana themanini yao kwingineko. Ukiandikiwa una njia mbili: unakubali kosa unalipa faini, au unakataa na jambo linakwenda mahakamani, ambako upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuthibitisha. Picha za nguzo zitasaidia, akasema, hakimu atazitazama. Halafu akaongeza, "Ila ujue unakataa nini. Unakataa mwendo, au unakataa mahali?"

Nikaanza na mwendo, maana ndio ulioonekana mwepesi. Nilikuwa na kumbukumbu ya mshale wa dashibodi ukiwa sitini na kidogo. Sabini na moja imetoka wapi? Kaka yangu anafundisha fizikia sekondari, nikampigia usiku. Nilitarajia aniambie tochi hukosea, na kweli hukosea, lakini alichonieleza hakikunifaa. Kama mwenye tochi amekaa pembeni ya barabara na gari linamjia, ile pembe hupunguza namba inayosomeka. Haiongezi. Akiwa mita 284 mbele yangu pembe ni ndogo sana, kwa hiyo sabini na moja yangu ama ni ile ile au ilikuwa zaidi kidogo. Nikamuuliza kama inaweza kuwa ilisoma gari lingine. Akasema mashine ikikuandikia umbali namna hiyo kwa kawaida ni ya leza, na mwale wa leza kwa umbali ule hautawanyiki kupita upana wa gari dogo. Kwenye picha niko peke yangu.

Kisha akaniuliza, "Gari lako si uliliinua?"

Nililiinua. Mwaka juzi fundi aliniwekea rimu za 15 na matairi ya 185/65 mahali pa yale ya 14 yaliyokuja nalo, 175/65, ili lisigonge chini kwenye barabara ya kwetu mtaani. Kaka akapiga hesabu pale pale kwenye simu. Tairi jipya ni kubwa kwa karibu asilimia 6 na nusu. Gurudumu likizunguka mara moja gari linakwenda mbali zaidi ya dashibodi inavyodhani. Kumbe mshale ukisema sitini, mimi niko karibu sitini na nne. Ukisema sitini na sita, niko sabini. Miaka miwili nimekuwa nikiuamini ule mshale kama naamini saa ya ukutani.

Akanipa na hesabu nyingine ambayo sikumwomba, kwa sababu walimu ndivyo walivyo. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ya sabini na moja ni karibu mara mbili kamili ya ile ya hamsini. Na kabla mguu haujafika kwenye breki, tuseme sekunde moja na nusu, gari la sabini na moja limeshakula mita thelathini, la hamsini mita ishirini na moja. Mita tisa. Nilisimama nikazipima sebuleni, zikanitoa nje ya mlango hadi kwenye ndoo za maji.

Basi, mwendo siukatai.

Kikabaki mahali. Na hapa ndipo nimekaa siku tatu. Kwa sababu kuhusu mahali nina haki, na picha ninazo. Mgeni akipita pale hakuna chochote kinachomwambia apunguze, na anaandikiwa faini ya kutotii kitu ambacho hakipo. Hilo ni kosa, na mtu anapaswa kusimama mbele ya hakimu akalisema. Nimejiuliza kama mtu huyo ni mimi. Nina gari, nina kazi inayoniruhusu kuomba siku, nina jirani wakili. Yule kijana wa magodoro ameshafika Tabora. Hawezi kurudi kilomita zote zile kuja kugombania elfu thelathini, nauli tu ingezidi. Nikasema, kama mimi mwenye nafasi nitalipa kimya kimya, nani atakayesema? Kwa saa kadhaa jana nilikuwa nimeshaamua kwenda mahakamani. Nilijiona kabisa nimesimama kizimbani na picha zangu.

Halafu nikajaribu kuisema kwa sauti ile sentensi ambayo ningeisema kule. "Mheshimiwa, hapakuwa na kibao." Ni kweli tupu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini nilipoisema jikoni, peke yangu, nikamsikia baba: sijakuuliza kibao.

Nilijua. Miaka sita napita pale. Nakumbuka kibao kikiwa kipo, nakumbuka na lile bonde dogo kabla yake ambapo huwa natoa mguu kwenye mafuta bila hata kufikiri. Jumamosi ile sikuutoa, kwa sababu nilikuwa nimechelewa, na kwa sababu, nikiwa mkweli kabisa, niliona nguzo haina kitu na moyo wangu ukasema leo hapa pako wazi. Niliiona nguzo tupu kabla ya trafiki kuniambia chochote. Nilipomuuliza kibao kiko wapi nilikuwa naijua hali yake kuliko yeye.

Ndiyo sababu kesi ile, ambayo ni ya haki, haiwezi kuwa yangu. Ni ya yule kijana. Nikiibeba mimi, upande wa mashtaka ukiniuliza swali moja tu, lile la baba, ama nitasema ndiyo na kesi imekwisha, ama nitasema hapana na nitakuwa nimeapa uongo kwa picha za kweli. Na hakimu akishaona mwenyeji anajificha nyuma ya nguzo, atakapokuja mgeni wa kweli na malalamiko yale yale, nani atamsikiliza?

Nimelipa leo saa mbili usiku, kwa simu. Ujumbe wa risiti umeingia kabla sijaweka simu mezani.

Lakini picha sikuzifuta. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja, na nakala zake tatu: moja kwa wanaotunza barabara, moja kwa mkuu wa trafiki wa eneo hilo, moja kwa serikali ya kijiji. Nimetaja nguzo iko wapi, hatua sitini kutoka kwa muuza mkaa, na nimeambatanisha picha nne. Nimeomba bati lirudishwe, na kwamba mpaka litakaporudi, wanaotoka upande wa Chalinze waelekezwe na waonywe bila kuandikiwa. Wakili alinishauri nisiandike kwamba nami niliandikiwa, itaonekana nina kinyongo. Nimeandika hata hivyo: niliandikiwa, nimelipa, nilikuwa najua kikomo cha pale. Wapo wanaopita kwa mara ya kwanza, hawajui. Sikuona namna nyingine ya kuiandika ambayo ningeweza kuitia sahihi.

Barua mbili nitazipeleka mwenyewe Jumamosi ijayo nikienda kwa mama, ya tatu itakwenda kesho kwa posta. Na kabla ya hapo gari litapita kwa fundi, yale matairi yarudi ya kwake, au angalau anitafutie njia ya kujua mshale unanidanganya kwa kiasi gani.

Nilipomaliza nilimpigia baba. Ilikuwa imeshakuwa usiku, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha lala.

"Baba, nilikuwa najua."

Akakaa kimya kidogo. "Haya," akasema. Kisha, "Hiyo nguzo ni ya chuma au ya zege?"

"Ya chuma."

"Imesimama wima?"

"Imeinama kidogo, ila imesimama."

"Basi ni bati tu linatakiwa," akasema. "Waandikie hivyo, kwamba nguzo ipo."

Nimeichukua barua tena, nimeongeza mstari huo kwa mkono.