Beringi ya gurudumu imebadilishwa, mikono bado inanuka grisi

Kwa wiki mbili pikapu yangu kuukuu ilikuwa ikivuma mbele kushoto, na mvumo ulizidi kila nilipokata kona ya kulia, uzito ulipolielemea gurudumu hilo.

Leo asubuhi niliipiga jeki, nikaweka stendi chini ya chesisi, kisha nikalishika tairi juu na chini na kulitikisa. Lilicheza, ishara kwamba beringi imelika.

Kufungua kalipa ya breki na kuchomoa habu, yaani kitovu cha gurudumu, hakukunichukua muda. Kilichonitoa jasho ni kikombe cha beringi ya ndani, ile pete ya chuma iliyobana ndani ya habu, ambacho nilikigonga kwa nyundo na patasi butu, upande huu na upande ule, karibu saa nzima.

Kilipodondoka, nilipitisha kidole ndani yake.

Chuma kilichopaswa kuteleza kama kioo kilikuwa na vishimo vinavyokwaruza, na grisi ilikuwa imegeuka rangi ya kutu. Na juzi tu nilikuwa nimewapakia watoto humo!

Nilishindilia grisi kwenye beringi mpya, nikakaza nati huku nikizungusha habu, nikailegeza, nikaikaza tena kidogo na kufunga pini mpya.

Jioni hii gari limenyamaza kabisa.

Wenzangu, ninyi hukitoaje kikombe hicho bila kujigonga vidole?