Mvumo kwenye pedali za gitaa, nilivyoumaliza
Jamani huu mvumo ulinitesa miezi, kila jumapili kanisani nikikanyaga distoshoni (pedali ya kukwaruzisha sauti ya gitaa) amplifaya inalia ngiiii mpaka mwalimu wa kwaya ananigeukia. Nikabadili waya za gitaa, wapi! Kumbe shida ni adapta moja ya volti 9 niliyoigawa kwa pedali zote 5 kwa waya wa matawi, na dilei ya dijitali (pedali ya kurudiarudia sauti kama mwangwi) ndo ilikua inamwaga kelele kwa wenzie. Nikaipa dilei adapta yake, kimyaaa. Basi nikanunua pawa saplai ambayo kila tundu limetengwa kivyake, dilei inakula miliampea 300 nikaichomeka kwenye tundu la 500, ovadraivu (pedali ya kukwaruza sauti kwa upole) haifiki hata 20. Miliampea za tundu zikizidi zile pedali inazokula poa tu, volti ndo usizidishe, na pedali nyingi hasi iko katikati ya plagi ila cheki kwanza.