Neno "Utatu" liko sura ya ngapi?

Fundi wangu wa nguo, huku Barani, Malindi, ni mzee wa Kiislamu asiyekuachia uondoke bila swali. Jumanne nilikwenda kuchukua joho la kwaya. Akavua miwani.

"Mwanangu, wewe si wasomesha watoto kanisani? Hilo neno Utatu liko sura ya ngapi?"

Nikacheka cheko la mtu aliyeshikwa. Twafundisha Mungu mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, lakini neno Utatu halimo katika Biblia.

Usiku nikafungua vitabu. Neno lenyewe lilichelewa. Askofu Theophilus wa Antiokia alilitumia kwa Kigiriki yapata mwaka 180, naye alitaja Mungu, Neno lake na Hekima yake. Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo na Mwafrika, akaja nalo kwa Kilatini mwanzoni mwa karne ya tatu. Mwaka 325 Kaisari Konstantino wa Rumi aliwaita maaskofu kwenye mtaguso mjini Nikea kwa sababu ya Arius, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Wakakiri kuwa Mwana ni wa asili moja na Baba. Roho Mtakatifu alitajwa kwa kifupi mno. Maelezo yake yakangoja mtaguso wa Konstantinopoli, 381. Kwa hiyo anayeniambia kwamba Petro mvuvi aliikariri imani ya Nikea, simsadiki.

Lakini kusali kulitangulia. Didake, kitabu kidogo cha Wakristo wa mwanzo, kinasema maji yakiwa haba, mbatizwa amiminiwe kichwani mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. (Mwandishi wake angetuelewa sisi mifereji ikikauka.) Na yapata mwaka 112 Pliny, gavana wa Kirumi aliyekuwa akiwaadhibu Wakristo, alimwandikia Kaisari Trajan kwamba hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo ndiye shahidi ninayempenda, maana hakuwa wa kwetu. Waliimba kwanza, namna ya kulieleza jambo lenyewe wakaigombania miaka mia mbili na zaidi.

Alhamisi nikarudi na Biblia, nikamsomea Mathayo 28:19, mkiwabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Akaniinulia kidole, pini zikiwa mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Jina? Si majina?"

"Jina, babu. Na Kigiriki chake ni hivyo hivyo."

Akanyamaza kidogo. "Hapo umenishinda Kiswahili. Dini bado." Kisha akanidai shilingi hamsini za kifungo.