Kwenye analisisi, angalia kwanza nani anatangulia kusema

Kozi ya kwanza ya analisisi, yaani hisabati inayothibitisha kwa makini yale ya kalkulasi, ina sifa mbaya na naelewa kwa nini. Watu wanaingia wakiwa wameshapiga kalkulasi ya kutosha, derivativu wanazitoa hata ukiwaamsha usiku wa manane, halafu wiki ya kwanza tu wanaambiwa thibitisha kwamba mfuatano wa 1/n unakwenda sifuri. Mtu anaduwaa. Sasa hicho nani asiyekijua? Ndo hapo wengi wanaanza kukariri, na ukianza kukariri hii kozi umekwisha.

Mi nimeimaliza juzijuzi na nilichokiona ni kwamba hesabu zenyewe ni nyepesi mno, ni kujumlisha, kuzidisha na kulinganisha namba ipi kubwa ipi ndogo tu. Kinachosumbua ni mpangilio, yaani nani anataja namba kwanza na nani anafuata.

Chukua kikomo, yaani namba ambayo f(x) inaikaribia pale x inapoikaribia namba fulani a. Mwenzako anataja epsiloni, namba yoyote chanya, hata iwe ndogo namna gani, ndipo we unamjibu na delta, namba yako chanya, na delta yako lazima ihakikishe kwamba x ikikaribia a kwa umbali usiofika delta, bila kuwa a yenyewe, basi f(x) nayo iko ndani ya epsiloni kutoka kwenye kikomo. Yeye anaanza, siku zote. Na si kwamba unamjibu epsiloni moja moja, maana hatachoka kutaja, unatakiwa uwe na jibu la mpigo mmoja kwa epsiloni zote.

Sasa fungua kitabu uone wanavyothibitisha kwamba x² inakwenda 4 pale x inapokwenda 2. Mstari wa kwanza: chukua epsiloni yoyote kubwa kuliko sifuri, weka delta iwe ile ndogo kati ya 1 na epsiloni/5. Eti 5! Imetoka wapi? Hawasemi. Unasoma hadi chini, kila mstari ni kweli, unafunga kitabu na huwezi kufanya ya kwako hata moja.

Kumbe aliyeandika alianzia chini akapanda juu. Kwenye karatasi ya rafu alianza na kile anachotaka kukifanya kidogo, |x² − 4|, akakivunja kikawa |x − 2| mara |x + 2|. Kile cha kwanza kiko mikononi mwake kwa sababu ni delta inayokibana, kile cha pili ndo kinazurura. Akasema basi kwanza nikibane, x isitoke mbali na 2 kwa zaidi ya 1, hivo x iko kati ya 1 na 3, kwa hiyo |x + 2| haifiki 5. Hapo ndo 5 ilipozaliwa. Sasa kitu kizima hakifiki 5 mara delta, anataka kisizidi epsiloni, basi delta isizidi epsiloni/5, na ile 1 inabaki pale kwa sababu ameshaitumia. Kisha akageuza yote juu chini, akaandika safi, rafu akatupa. Ni kama kuona daraja bila kuona jukwaa la mbao walilosimamia mafundi. Kwa maoni yangu vitabu vinakosea sana kuficha hiyo rafu, kurasa mbili zaidi zingemsumbua nani?

Basi kuna sehemu mpangilio ukibadilika kidogo tu theoremu inakufa. Angalia fanksheni xⁿ kuanzia 0 hadi 1, n ikipanda. Kwa kila x chini ya 1 inakwenda sifuri, sawa, na kwenye 1 inabaki 1. Weka epsiloni iwe 0.01. Kwenye x = 0.5 unahitaji n ifike 7 tu. Kwenye 0.99 unahitaji 459. Kwenye 0.999 inabidi usubiri hadi 4603, na ukizidi kusogea kwenye 1 hakuna n moja inayowatosha wote. Kila x anapata n yake, lakini n ya wote haipo. Ndo maana kila xⁿ ni mstari usiokatika ila kikomo chao kinaruka ghafla pale 1.

Na usijione mjinga ukiteleza hapo, bana, Cauchy mwenyewe, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika mwaka 1821 kwamba mfululizo wa fanksheni zisizokatika ukiwa na jumla basi na jumla hiyo haikatiki. Mwaka 1826 Abel, mwanahisabati wa Norwei, akatoa mfululizo wa sini, sin x − ½ sin 2x + ⅓ sin 3x na kuendelea, ambao kila kipande chake ni laini lakini jumla inaruka kwenye π. Miaka mingi ikapita ndo watu, Mjerumani Weierstrass akiwemo, wakaliweka sawa hilo suala la n moja ya wote.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote ni kukanusha fasili kwa mkono. Kila fasili mpya naandika na kinyume chake: "kwa kila" inageuka "ipo", "ipo" inageuka "kwa kila", mpaka mwisho wa sentensi ambapo dai lenyewe nalikanusha. Inachosha kweli, ila ukishaweza kusema wazi maana ya mfuatano *kutokuwa* na kikomo, maswali mengi ya mtihani yanajifungua yenyewe.

Michoro nayo chora, wanaokwambia usichore wanajikweza tu. Ila usiiamini mpaka mwisho, maana mwaka 1872 Weierstrass alitoa fanksheni isiyokatika popote na isiyo na derivativu popote, hebu jaribu kuichora hiyo.

Kozi inayofuata ni ya vipimo vya Lebesgue, yaani namna ya kupima ukubwa wa seti, na nimechungulia, huko epsiloni moja inagawanywa kwa 2, kwa 4, kwa 8, kila seti inapewa kipande chake hadi seti zisizo na mwisho zinaenea, na rafu bado hawaonyeshi.