Kuku wangu wa uani, Pemba: mdondo, tone la jicho na miezi ya mfunguo

Jioni ya leo nimewahesabu wakati wanaingia bandani: makoo 7, matembe 4, jogoo 1, vifaranga 16. Wote wazima, alhamdulillahi. Mwaka jana wakati kama huu banda hili lilikuwa tupu, mlango umeachwa wazi, na sikuwa na hamu hata ya kupita upande ule wa ua.

Nilikuwa na kuku 31. Zilipobaki siku chache kufika Idi nilinunua jogoo sokoni, mwekundu, upanga umesimama, nikamfungua kamba ya miguu na kumwachia uani na wenzake siku ile ile. Siku ya 5 akaanza kuzubaa chini ya mnazi, mbawa zimeshuka, chicha la nazi halimshughulishi. Baada ya siku 2 koo wangu wa kijivu alikuwa anahara kijani na anavuta pumzi mdomo wazi. Jambo lililonikaa moyoni ni shingo. Koo yule alikuwa akitaka kudonoa punje ya mchele iliyo mbele yake, na kichwa kinampeleka kwengine. Anajaribu tena, kinampeleka tena, mpaka akakaa chini. Ule ndio mdondo, wengine wanauita kideri.

Nikafanya kosa juu ya kosa. Nilikimbilia chanjo, nikamtia kila kuku tone, wagonjwa kwa wazima, mikono ile ile. Bibi alikuwa kibarazani akinitazama. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kuku aliyekwisha sinzia tone halimwamshi." Kweli. Chanjo si dawa; kuku mzima anahitaji wiki moja mpaka mbili ili mwili wake ujenge kinga, na wangu walikuwa wameshaambukizwa. Jirani mmoja akaniletea antibayotiki ya unga ya kutia kwenye maji. Nayo haikufaa kitu, kwani mdondo unaletwa na virusi. Katika siku 9 nilizika kuku 26.

Niliwazika, tena shimo la kwenda chini, na chokaa juu. Nalisema hili kwa sababu nimeona mizoga ikitupwa kichakani. Mbwa na kunguru wanaitawanya, na mtaa mzima unaingia msibani. Wale 5 waliosalimika aliwachukua shangazi, kwani yeye hakuwa na kuku wengine. Nilikwangua kinyesi chote, nikaosha banda kwa sabuni, nikapaka chokaa, nikabadilisha makuti, kisha nikaliacha lipigwe jua miezi 2 kabla ya kuwarudisha.

Sasa utaratibu wangu. Chanjo ninayotumia ni ya I-2, ile ya matone inayotengenezwa Kibaha na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Uzuri wake kwetu sisi wa shamba ni kuwa inastahimili joto kuliko chanjo za zamani. Haina maana uiache juani. Mimi naibeba ndani ya kikapu, imezungushiwa kitambaa kibichi, na naimaliza siku ile ile niliyoifungua. Kila kuku tone 1, mkubwa kwa mdogo, na kurudia kila miezi 3.

Miezi hiyo 3 ndiyo iliyonisumbua, nilikuwa nasahau. Bibi ndiye aliyenipa hesabu kwa miezi ya Kiislamu: Shaabani, Mfunguo Pili, Mfunguo Tano, Mfunguo Nane. Nimeiandika kwa mkaa nyuma ya mlango wa banda. Ya Shaabani ndiyo naithamini zaidi, kwa kuwa kinga inakuwa imeshakaa kabla ya pirikapirika za kuku wa Idi.

Nachanja alfajiri, kuku wakiwa bado ndani. Mpwa wangu anamshika kuku na kumlaza ubavu, mimi nashika kichwa, chupa imesimama wima, nadondoshea jicho moja. Hapo usiwe na haraka. Tone linakaa juu ya jicho kama umande juu ya jani la mgomba, kuku anapepesa, linazama. Likimwagika shavuni, hajachanjwa huyo, rudia. Tukimaliza tunanawa kwa sabuni kabla ya kugusa macho yetu, maana virusi vilivyomo ndani ya chanjo hii vinaweza kumwashia mtu macho yakawa mekundu.

Chupa moja inatosha kuku wengi kuliko wangu, kwa hiyo tumekuwa nyumba 6 tunaochangia. Sikuanza kwa ajili ya kubana pesa. Kuku wetu hawajui mipaka. Wakati wa karafuu wote wanakutana kwenye majamvi ya kuanikia, na ukichanja peke yako umejizungushia ua wenye milango mingi, ukafunga mmoja tu. Ami yangu mmoja bado anasema kuku wa kienyeji hawana haja. Raundi iliyopita nilimwomba ruhusa nimchanjie wake 9 bila kumtoza, akanikubalia.

Ndui bado sijaimaliza. Vifaranga 3 wana vipele pembeni mwa mdomo, nimewatenga. Waliobaki, wakipata ridhaa ya daktari wa mifugo, watachomwa chanjo yake kwenye ngozi ya bawa wiki ijayo.

Na jana nimepata tembe mpya, zawadi kutoka Micheweni. Yuko nyumbani kwa shangazi, peke yake, na chombo chake cha maji. Zimebaki siku 13 za kumtenga.